Pistoni ya Safari Moja

Mapendo mwanangu,

Umeenda Nyamianda kusukwa nywele, na kwa jinsi ninavyowajua wale dada na maneno yao, hutarudi kabla jua halijashuka. Nimekaa hapa barazani Kalundu, na nikiinua macho naiona boti itakayokuchukua kesho, wanaipakia mihogo. Sitakuandikia namna ya kufua nguo wala namna ya kuficha pesa safarini. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia juu ya gari ya baba yako.

Unakwenda kukaa Kalemie kwa baba yako mdogo. Miaka yote ya masomo utalala kwake na kula kwake. Ni mtu mwema, na alipokubali kukupokea nilishukuru. Lakini siku moja, pengine juma la kwanza, pengine mkimkumbuka bibi yako, atakuambia kwamba mama yake alikufa njiani kwa sababu sisi tulimpa mtu mwingine gari. Wewe hatakuhesabu, ulikuwa mdogo. Mimi atanihesabu. Atakalokuambia ni kweli, hatakudanganya hata neno moja. Ila kuna sehemu ambazo yeye hakuwepo na mimi nilikuwepo, na nisingependa uzisikie nusu.

Gari yenyewe nadhani unaikumbuka kwa moshi tu. Ilikuwa kamionete ya kijivu, yenye turubai nyuma, na baba yako aliinunua ikiwa imeshazeeka. Ilichukua samaki zangu, ndagala, kwenda soko la Sange na kurudi na unga wa muhogo. Tuliishi kwa gari hiyo. Siku moja, wakati wa kurudi, mpira wa maji ulitoboka. Baba yako aliona mshale wa joto unapanda, lakini barabara ya uwandani wakati ule haikuwa barabara ya kusimama. Risasi zilisikika upande wa milimani, na abiria nyuma walikuwa wanampigia kelele asonge mbele. Akasonga mbele. Alifika nyumbani gari ikilia kama mtu anayegonga sufuria kwa jiwe.

Fundi wetu aliitwa Rukara. Kwao ni Rurambo, kule juu kwenye ng'ombe, lakini alishuka mjini akiwa kijana na alikuwa akisema mikono yake imesahau kukamua. Alikuwa mtu mrefu, mkimya. Na watu alizungumza Kiswahili. Na moteri ya gari alizungumza lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na baba yako alikuwa akimtania kwamba gari yetu sasa inajua matusi ambayo sisi hatuyajui.

Aliifungua moteri nyuma ya jikoni. Pistoni, kama hukuwahi kuiona, inafanana na kopo la aluminiamu lililopinduliwa, linalopanda na kushuka ndani ya tundu la chuma. Linavaa pete nyembamba kiunoni ili moto wa juu usishuke chini. Gari yetu ilikuwa na pistoni nne. Tatu zilikuwa nzima. Ya nne ilikuwa imeliwa ukingo, pete zake zimekatika vipande, na aluminiamu iliyoyeyuka imeganda kwenye ukuta wa tundu kama ugali uliokauka kwenye chungu.

"Hii njo imekufa," Rukara akamwambia baba yako. "Zingine ziko muzuri. Utafute moja tu."

"Nitaipata wapi?"

"Bujumbura. Huku bure."

Baba yako akapima upana wa ile pistoni kwa uzi, akatia uzi mfukoni, akavuka mpaka. Ilikuwa aende na kurudi. Siku ile ile mpaka ukafungwa, na hatukumwona tena mpaka vita vilipopita juu yetu. Hivyo ndivyo nilivyobaki na gari iliyopasuliwa kifua, mtoto mmoja, na fundi chini ya gari.

Vita tulikuwa tumevisikia vikitembea milimani kwa muda. Sasa vilishuka. Ikatangazwa kwamba watu wa kabila la Rukara hawatakiwi tena mjini. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, na baadhi yao niliwajua, niliwauzia ndagala tangu walipokuwa wakitumwa na mama zao. Chumba cha Rukara kule Nyamianda kilivunjwa na vitu vikabebwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa jirani yake alikuja kutuambia. Rukara alimsikiliza akiwa bado amelala chini ya gari. Mimi niliona miguu yake tu. Haikusogea. Yule mwanamke alipoondoka, Rukara akanyoosha mkono nje akasema, "Mama Mapendo, unipatie ule ufunguo mukubwa."

Hatukuzungumza juu ya kumficha, si siku ile wala siku nyingine. Tulizungumza juu ya pistoni. Alilala katika stoo ya ndagala, na asubuhi alitoka akinuka samaki, akarudi kazini.

Baba yako mdogo alikuwa na nyumba ya pili ndani ya parseli ile ile, kiwanja kimoja nasi, yeye na mke wake na watoto, na bibi yako alikaa kwao. Magoti ya bibi yalikuwa yamevimba tangu zamani. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Baba mdogo alikuwa mwalimu, mtu wa kufikiri mbele, na aliona kabla yetu sote kwamba tutalazimika kukimbia kuelekea kusini, Baraka au zaidi. Watoto wangetembea. Bibi asingeweza. Kwa hiyo alihitaji gari ipone, na ili gari ipone alihitaji Rukara.

Aliniita pembeni. "Shemeji, huyu amalize gari, kisha aende zake. Minye sitamuitia muntu. Lakini akisha kumaliza, hatalala hapa tena. Niko na watoto."

Nataka uelewe kwamba sikumwona mbaya kwa maneno hayo. Mtaa wa pili nyumba ilikuwa imechomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Wala sikumwambia Rukara. Hakukuwa na haja. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao. Alisikia kila kitu, na asubuhi akaanza kazi mapema kuliko jana yake.

Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Mbona unakimbiza hivi? Si ungeenda polepole?"

Akaendelea kufuta boliti kwa kitambaa. "Nikichelewesha kazi, Mama Mapendo, nitakufa tu vile vile, na tena nitakufa fundi mubaya."

Alilisema bila kucheka na bila huzuni, kama mtu anayekutajia saizi ya boliti.

Basi, pistoni. Mtaa wa Kimanga kulikuwa na gari bovu la aina ile ile, limelala kwenye ua wa mfanyabiashara aliyekuwa ameshakimbia. Rukara hakuweza kutoka, kwa hiyo nilikwenda mimi. Niliifunga ile pistoni yetu iliyokufa ndani ya kitambaa, nikaiweka chini ya ndagala kwenye beseni. Rukara alikuwa amenifundisha jinsi ya kufungua, boliti zipi kwanza, na nisivute kwa hasira. Mlinzi wa pale alitaka ndagala. Alikula akinitazama nikijipaka oili hadi mabegani, na mara kwa mara akasema, "Mama, bwana wako iko wapi?" Nilitoa pistoni moja tu, ile iliyokuwa haina alama, pamoja na pete zake. Tangu siku ile najua kwamba kazi nyingi tunazosema hatuziwezi, hakuna aliyewahi kutuonyesha boliti ya kwanza ni ipi.

Rukara aliigeuzageuza mkononi. Ilikuwa nzima lakini imekonda kwa kutumika; ndani ya tundu letu ilicheza. Na tundu lenyewe bado lilikuwa na ile aluminiamu iliyoganda. Akaniomba soda kaustiki, ile akina mama wa sabuni wanayochanganya na mawese. Alisema soda hula aluminiamu na chuma haikigusi.

Nikaenda kwa Mama Chantal, aliyekuwa anatengeneza sabuni nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Weye unaanza sabuni?" akaniuliza.

"Ndiyo, nijaribu."

Alinipa. Mimi nikaona yamekwisha. Kesho yake, mchana, nikamwona anaingia parselini na kijiko chake kirefu cha mti, amekuja kwa wema wake wote kunionyesha jinsi ya kuchanganya nisiungue. Akazunguka nyuma ya jikoni kabla sijamzuia. Rukara alikuwa ameinamia moteri, na fimbo yenye kitambaa mkononi, anapaka soda ndani ya tundu, na ile aluminiamu inatokota povu jeusi. Wakatazamana. Mama Chantal alikuwa na mtoto wa kiume kati ya wale vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Mimi nilijua, na Rukara alijua.

Mama Chantal akalitazama lile povu.

"Sabuni hii itakuwa nyeusi," akasema, akageuka akaenda.

Siku ile sikupika. Nilikaa mlangoni nikisubiri vijana. Kilichokuja kabla ya jua kuzama ni beseni kutoka kwa Mama Chantal, na ndani yake kipande cha sabuni na siki kidogo kwenye chupa, kwa ajili ya mtu akirukiwa na soda. Hakusema neno, hakulisema hata baadaye, na mimi sikuwahi kumuuliza. Yupo bado pale pale. Ukirudi likizo umsalimie kwanza yeye.

Tundu likasafishika, lakini lilibaki na mkwaruzo mrefu kutoka juu hadi chini. Rukara aliusugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, ukapungua, haukuisha. Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona tena. Aliiweka ile pistoni nyembamba juu ya kitambaa mapajani, akachukua chuma chenye ncha na nyundo ndogo, akaanza kuipigapiga ubavuni, kidoti kando ya kidoti, kama ndui. Aliniambia kila kidoti kinasukuma ukingo wake nje kidogo, na hivyo pistoni inanenepa. Ilikuwa kazi ya mchana kweupe, kwa sababu mchana nyundo ni nyundo kama nyundo nyingine. Usiku mtu angeuliza. Wewe ulikaa mbele yake ukipigapiga kijiti kwenye kopo la maziwa, ukimfuatisha. Alikuwa akikungoja umalize ndipo apige tena.

Mwisho akaomba mizani yangu ya sokoni. Pistoni zote lazima ziwe na uzito mmoja, alisema, la sivyo moteri itajitikisa hadi ijivunje. Akaweka moja ya zamani sahani hii, ile ya vidoti sahani ile, na kwa tupa akapunguza aluminiamu kwa ndani, kidogo, anapima, kidogo, anapima. Mimi niliyetumia mizani ile maisha yangu yote, na wakati mwingine kwa kidole kilichoegemea, niliona aibu kidogo kuona mtu anaitumia hivyo.

Asubuhi gari ikawaka. Ilitoa moshi wa buluu na kugonga, tak, tak, tak, lakini iliwaka. Baba yako mdogo alitoka mbio na kiatu kimoja mguuni. Alimshika Rukara mkono. Nilimwona akimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akauliza, "Itatufikisha Baraka?"

Rukara akaisikiliza moteri kwanza. "Nitakuambia kweli, Mwalimu. Vidoti vitaisha. Mukwaruzo iko ndani. Itatembea safari moja ya mbali. Labda moja na kurudi kwa karibu. Ya pili, minye siwezi kuahidi."

"Moja inatosha," baba mdogo akasema. Akamtazama kidogo, akatazama chini. "Basi, Fundi. Shemeji alikuambia."

"Ndiyo."

Baba mdogo hakujua kuendesha. Akaenda mtaani kutafuta dereva, ili waondoke alasiri. Aliniachia funguo kwa sababu nyumba yangu ilikuwa karibu na gari. Sasa fikiria tulivyobaki. Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameegemea mbao, anatutazama. Rukara alinawa mikono kwa sabuni ya Mama Chantal, akisugua katikati ya vidole kimoja kimoja, akateremsha mikono ya shati, akafunga vifungo. Pale kona ya barabara vijana walikuwa wamekaa juu ya tairi. Kutoka getini hadi kona ni mwendo wa kumwagia mtu maji. Akaja kuniaga.

Ningependa kukuambia kwamba nilipima. Watu wakiniuliza, hutaka nieleze jinsi nilivyopima. Nilikuwa nimepima ndagala miaka yote lakini hilo sikulipima. Nilisema, "Panda nyuma, ulale chini ya magunia."

"Mama Mapendo, gari ina safari moja."

"Nimesikia. Panda."

Baba yako alikuwa amenifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, tukicheka, na sikuwahi kutoka nje ya uwanja huo. Nikakuweka mbele pembeni yangu. Nikapita wale vijana pale kona. Walicheka moshi, mmoja akaziba pua. Nilikamata usukani kama mtu anayeshika mbuzi asitoroke.

Kwenye baria ya Kavimvira askari walitusimamisha. Mmoja alitaka gari kwa ajili ya mkubwa wake. Walikuwa wanachukua kila kitu chenye magurudumu. Akasogea na kuweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza. Yaelekea alikuwa dereva kabla ya bunduki.

"Gari hii iko na nini?"

"Pistoni," nikasema.

"Ngapi?"

"Moja."

Alisikiliza tena, akacheka, akawaita wenzake waje wasikie. "Mama, hii haifike hata Kiliba. Wende, wende, itatuzimikia hapa." Wewe ulikuwa unalia kwa moshi, akakukatia kipande cha muwa. Umesimulia muwa huo mara nyingi, kwamba askari fulani alikupa. Chini ya magunia, hatua chache kutoka mkono uliokupa, alilala Rukara. Nilijifunza hapo kwamba kitu kizima kabisa kisingepita siku ile. Baadaye nilijiuliza kama Rukara aliacha ile tak, tak kwa makusudi. Sikumuuliza.

Nilimteremsha nyuma ya Runingu, pale njia ya miguu inapoanza kupanda. Kabla ya kwenda alifungua boneti, akasikiliza, akakaza boliti moja, akafunga.

"Usizime mpaka nyumbani. Na usikanyage sana."

"Nimesikia."

Alikuinamia dirishani, akapiga mlango kwa kidole, kidoti, kidoti, na wewe ukamjibu. Akapanda mlima. Hakugeuka, na ningekuwa yeye nami nisingegeuka.

Sikukanyaga sana. Nakuapia, Mapendo, niliendesha kama nimebeba mayai. Tulifika Kavimvira tena, mbele kidogo ya baria, ndipo nikasikia mlio mmoja mkavu, kama kuni inavyopasuka, na gari ikanyamaza. Nilijaribu na kujaribu. Maji yalikuwepo, mafuta yalikuwepo. Ilikuwa ile pistoni. Watu wakanisaidia kuisukuma kando, nikakubeba mgongoni, tukatembea hadi nyumbani kwenye jua.

Parselini mizigo ilikuwa imefungwa. Godoro lilikuwa limewekwa nje, na bibi yako ameketi juu yake, amevaa kitenge cha misa. Dereva alikuwa amepatikana. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakula muhogo.

"Gari iko wapi?" baba mdogo akauliza.

"Kavimvira. Imekufa."

"Na fundi?"

"Ameenda kwao."

Nilidhani atanipiga, na ningemwachia. Hakunipiga. Alimlipa dereva muhogo mwingine, akamwambia aende. Halafu akapiga magoti akaanza kufungua mizigo, mmoja baada ya mwingine, akitoa vitu, na kuifunga upya ikiwa midogo.

Hapa ndipo napenda ujue kosa langu ni lipi, maana si lile analolidhani yeye. Angekuwa ameniambia usiende, sijui ningefanya nini. Pengine ningekwenda bado. Kosa ni kwamba nilikwenda akiwa hayupo. Nilimngoja ageuze mgongo. Alistahili kunizuia, au kujaribu. Nilimnyima hilo, na mtu uliyemnyima nafasi ya kukataa hawezi hata kukusamehe vizuri, kwa sababu hajui angekuwa amesemaje. Wewe ukiwa na jambo la namna hiyo, lifanye mbele ya macho ya mtu. Zaidi ya hapo sina la kukushauri.

Siku chache baadaye mji ukawaka risasi na sote tukashika barabara ya kusini kwa miguu. Baba yako mdogo alimbeba mama yake mgongoni kama mtoto, kwa kitenge. Watoto wake mimi niliwashika mikono. Alikataa mtu yeyote ampokee mzigo ule. Mimi nilipojaribu aliniangalia tu, nikarudi nyuma. Mvua ilinyesha, bibi akapata homa, na tulipofika Mboko, karibu na ziwa, akafa. Tulimzika pembeni ya shamba la muhogo la watu tusiowajua. Baba mdogo alichimba mwenyewe kwa jembe la kuazima. Alipomaliza, akaniambia, "Ulimupatia mugeni safari ya mama yangu." Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa miaka mingi.

Baba yako aliporudi alikuta gari pale pale Kavimvira, imebaki mwili na moteri, vingine vimebebwa. Aliifungua, kwa mazoea tu. Akaitoa ile pistoni, imepasuka katikati, akavitazama vidoti vyake. Nilikuwa nimeshamweleza yote, na ndugu yake alikuwa amemweleza pia. Alisema, "Kazi nzuri," akaiweka chini. Hakusema kazi ya nani. Baba yako alipofariki, baba mdogo alikuja kutoka Kalemie, akasimama upande wake wa kaburi na mimi upande wangu, na mbele ya watu wote akasema mtoto huyu atasoma kwangu. Ndiyo maana unakwenda.

Rukara sijui. Vita vya pili vilikuja, na vingine baada yake, na vyote vilipita Rurambo. Mtu mmoja wa soko aliniambia amemwona na ng'ombe. Mwingine aliniambia alikufa zamani. Watu wanaoniuliza kama ilifaa, hutaka niwaambie kwamba yuko hai, wapate kupumua. Siwezi. Ninachojua ni kwamba siku ile alipanda mlima kwa miguu yake.

Kuna sehemu moja nimeiruka, na nimezunguka barua yote hii nikiiogopa. Nimekuambia bibi yako alikuwa mlangoni. Sikukuambia kwamba Rukara alipokuja kuniaga, bibi aliniita kwa mkono. Nikamsogelea. Alizungumza chini chini, bila kumwondolea Rukara macho.

"Huyu wanamutafuta leo," akasema. "Minye bado hawajanitafuta. Mupeleke."

Ndipo nikamwambia Rukara panda.

Alijua gari ina safari moja, alisikia kama sisi sote. Na njiani, siku zote zile, alikuwa mgongoni mwa mwanawe, mdomo wake karibu na sikio lake, na hakumwambia. Nilingoja aseme yeye mwenyewe. Alipokufa, niliona kwamba kama yeye amelinyamazia, mimi si wa kulisema.

Sasa unalijua wewe, kwa sababu ni bibi yako na ninataka umjue. Baba mdogo akikusimulia yake, msikilize hadi mwisho, na usinitetee. Hilo la bibi usimwambie kamwe. Akilijua, hasira yake itamwendea mama yake, na mama yake hawezi tena kumjibu. Mimi niko hai. Anikasirikie mimi.

Mama yako